Ngitili ya Madam Tekla

Jumatatu, 5 Mei 2025

Leo Darasa la Nne tumeanza Viumbe Hai. Zana ya kufundishia: picha ya simba iliyochorwa na Mwalimu Fred kwa kalamu ya bluu. Watoto wakasema ni mbwa. Nikasema ni simba. Masumbuko, anayekaa karibu na dirisha, akasema basi atakuwa simba anayeumwa. Nikamwambia anyamaze, ingawa moyoni nilikubaliana naye kabisa.

Sifa saba nimeziandika ubaoni: kujongea, kupumua, kuhisi, kukua, kuzaliana, kutoa takamwili, kula. Wameziimba kama wimbo wa taifa. Ile ya mwisho, kula, wameipiga kelele mpaka darasa la pili likasikia. Ilikuwa karibu saa ya uji.

Halafu nikauliza: tajeni kiumbe hai anayeishi katika mazingira ya shule yetu. Kimya. Watoto ambao wakitoka hapa wanarudi kwenye ng'ombe, mbuzi, kuku, mbwa, na kupe wa hao wote — kimya! Kitabu kimesema twiga, kwa hiyo wanamsubiri twiga.

Mwisho Sayi akanyoosha mkono. Ni binti wa Mzee Budeba, Wasukuma waliohamia huku Usangu na ng'ombe wao kabla yeye hajazaliwa. Huwa hasemi mpaka aulizwe mara mbili. Leo akasema, "Madam, kuna ndege ametaga pale nyuma ya vyoo."

Tukaenda wote. Nyuma ya vyoo, kati ya shule na nyumba yangu, kuna kinamasi ambacho mvua ikinyesha kinajaa na majani yanamfika mtu kifuani. Nimekaa hapa mwaka wa pili, nikitupa maji machafu upande huo, sijawahi kukitazama. Korongo taji wawili! Warefu, wametulia, na ile taji ya dhahabu kichwani kama maharusi wa Jumamosi. Kwenye tuta la majani makavu, mayai.

Masumbuko akauliza kama yanaliwa. Darasa zima likanigeukia lisikie msimamo wa serikali. Nikasema hayaliwi. Sijui kama ni kweli. Mimi nimekulia Ipogolo, kando ya barabara kuu. Ndege niliowajua ni kuku, na wale wanaodonoa mahindi yaliyomwagika kwenye malori.

Alhamisi, 8 Mei

Kikao cha walimu. Ajenda moja: shindano la mazingira bora ngazi ya kata. Ukaguzi ni Siku ya Mazingira, tarehe tano Juni. Zawadi ya mshindi wa kwanza ni toroli. Mwalimu Mkuu, Mzee Andendekisye, alilitamka toroli kwa sauti ambayo wengine huihifadhi kwa ajili ya Kristo Mfalme.

Mpango wa kutunza mazingira ni huu. Kwanza, majani yote yafyekwe. Pili, ardhi ifagiliwe kila asubuhi mpaka ing'ae. Tatu, mawe yapakwe chokaa. Mwalimu Fred, ambaye ndiye mwalimu wa mazingira kwa kuwa ndiye mdogo kuliko wote, atasimamia. Kinamasi cha nyuma ya vyoo kimetajwa kwa jina: "kichaka". Kifyekwe chote na kichimbiwe mfereji kikauke.

Nikanyoosha mkono kama Sayi. Nikasema pale kuna korongo taji wanaatamia, na Darasa la Nne wanajifunza kwao.

Mkuu akafikiri. Akauliza, "Yule si ndege wa bendera ya Uganda? Huku kwetu amefuata nini?"

Fred akacheka mpaka akafuta macho. Nikaeleza kwamba ndege hawakai kwa bendera. Mkuu akasema kwao Tukuyu majani yanaota hata juu ya paa, na mama yake alimfundisha kwamba mtu mvivu anajulikana kwa majani ya uani kwake. Huyu ni mtu aliyezaliwa kwenye kijani kibichi, akakimbia. Sasa serikali imempa shule nzima ajilipizie kisasi.

Kufyeka kinamasi ni Jumatatu ya tarehe kumi na tisa. Kila mtoto aje na fyekeo.

Jumatano, 14 Mei

Fred ametundika mabango. Kwenye mti mmoja mkubwa tulio nao, mgunga wa getini, amepigilia "TUNZA MTI" kwa misumari ya inchi nne. Kwenye uwanja waliomaliza kuufyeka jana, ambako sasa hata mchwa hana pa kujificha, ameweka "USIKANYAGE MAJANI". Nilimuuliza majani yapi. Akasema, "Madam, bango ni kwa ajili ya wakaguzi, siyo kwa ajili ya majani." Alisema bila aibu. Nusura nimpende.

Darasa langu limebadilika lakini. Kila siku kipindi cha mwisho tunakaa kwa mbali, kimya, tunaangalia. Hata Masumbuko anakaa kimya, jambo ambalo mama yake hataliamini. Wameona kwamba baba na mama wanapokezana. Wameona kwamba mmoja akitoka, hatoki moja kwa moja. Anatembea chini ya majani mpaka mbali, ndiyo anainuka, ili adui asijue kiota kiko wapi. Hilo aliligundua Sayi. Mimi nilikuwa nimekaa pale pale na sikuliona.

Leo wameniuliza: Madam, Jumatatu tukifyeka, watakwenda wapi? Nikajibu kwamba Madam atazungumza. Madam amezungumza. Mkuu amesema suala hilo lipelekwe kwenye kikao cha wazazi Jumamosi, maana yake lipelekwe likafie huko.

Jumamosi, 17 Mei

Nimesimama mbele ya wazazi na kuharibu kila kitu kwa neno moja. Nilisema, "Tunataka eneo lile liwe hifadhi."

Nilijiona mwerevu. Mkutano ukapoa kama uji uliosahaulika. Akina mama wakaanza kukusanya kanga zao. Hapa Usangu neno hifadhi siyo picha ya tembo kwenye kalenda. Wapo waliowahi kuamka na kuambiwa walipolala ni hifadhi, wafungashe. Na mimi, mwalimu wa Sayansi, mwenye diploma, nikalileta neno hilo kwa tabasamu.

Mkuu alikuwa ameshaanza kushukuru wajumbe. Ndipo Mzee Budeba akasimama. Mtu mrefu, koti zito mchana wa jua, fimbo yake imeegemea bega. Hakuwa na hasira.

"Mwalimu, mimi nataka nikuelewe. Unataka pale pafungwe?"

Ndiyo, mzee.

"Ng'ombe asiingie, mtu asikate, majani yasimame?"

Ndiyo, hasa.

"Sasa si useme ngitili! Unatutisha bure gete, bure kabisa."

Kicheko kilichofuata kilikuwa cha watu walioponea chupuchupu. Wasukuma wote wakaanza kuongea kwa mpigo, wakiwaeleza Wasangu na Wabena waliokaa nao. Nimeelewa hivi: kwao, mvua ikiwa bado ipo, wanafunga sehemu ya malisho, majani yanasimama. Hakuna askari, hakuna bango. Watu wamekubaliana tu, na anayeingiza mifugo anatoa mbuzi wanakula wote huku wakimcheka. Mimi niliona uhifadhi wa asili wa jamii, sura ya tano ya kitabu, ukitembea kwa miguu miwili na koti zito. Nilikaribia kulia.

Mzee Budeba akasema, "Basi tunafunga leo leo. Tutafungua kama kawaida."

Nikaitikia kwa kichwa. Kama kawaida. Wote wakaitikia, na mimi nikaitikia kama mtu aliyezaliwa kwenye zizi.

Mkuu akakubali. Hao ndio wazazi wanaoleta mahindi ya uji. Jioni walikata matawi ya miiba wakazungushia kinamasi chote. Mzee Budeba akanipa mimi tawi la mwisho, lile la kufungia mlango, niliweke kwa mkono wangu. Heshima kubwa. Nimechomwa vidole viwili na nina furaha isiyo na adabu.

Jumapili, 25 Mei

Wameanguliwa! Wawili. Yai la tatu halikufaulu. Ni vitu vya rangi ya mchanga, miguu mirefu kuliko akili. Sayi alinifuata kanisani kuniambia, yeye ambaye si Mkatoliki, akasimama mlangoni mpaka Baba Paroko Marcelino akamaliza matangazo yote, na ya leo yalikuwa mengi.

Watoto wamewapa majina. Nimewaambia mwanasayansi hawapi majina wanyama anaowachunguza. Mmoja anaitwa Toroli. Mwingine anaitwa Madam.

Alhamisi, 5 Juni

Siku ya Mazingira. Tangu alfajiri tumefagia vumbi kulitoa mahali lilipokuwa na kulipeleka angani. Mawe yote meupe. Shina la mgunga jeupe. Mbuzi wa jirani aliyeegemea ukuta, mbavu nyeupe.

Wakaguzi walikuja watatu. Mwenyekiti wao alikohoa kwa sababu ya vumbi tangu getini mpaka ofisini, na bado akaandika "usafi: vizuri sana". Wakasoma bango la majani wakiwa wamesimama kwenye udongo mtupu, wakaridhika. Nilimwangalia Fred. Akanikonyeza.

Halafu wakafika nyuma ya vyoo. Sayi alikuwa ameandaliwa kutoa maelezo. Aliongea kwa utulivu: hapa tumefunga, hapa vifaranga wanajificha kwenye majani marefu kwa sababu bado hawawezi kuruka, majani yakiondoka wataliwa na mbwa. Korongo mmoja akainua kichwa juu ya majani kama aliyeitwa shahidi.

Mwenyekiti akauliza, "Hiki kichaka mtakifyeka lini?"

Matokeo yamesomwa alasiri. Toroli limekwenda kwa shule iliyomwaga saruji uwanja mzima. Hongera zao, pale hata minyoo imehitimu. Sisi tumekatwa alama kwa "kichaka chenye miiba kuhatarisha wanafunzi". Mkuu hajanisemesha. Alipita mbele yangu, akayasalimia mawe.

Kesho tunafunga shule. Vifaranga wana mwezi mzima wa kula na kukua, na hakuna atakayewagusa. Watu hapa wanaiheshimu ile miiba kuliko wanavyoheshimu ukuta wa benki.

Jumanne, 17 Juni — Ipogolo

Kwa mama. Nimefika nikamsalimu kamwene, akajibu, akaanza hapo hapo: mchumba yuko wapi. Nikamwonyesha kwenye simu picha ya korongo taji. Akaiangalia muda mrefu. Akasema angalau amevaa vizuri.

Nikamweleza habari zote, ngitili na wazazi. Mama ni Mhehe wa zamani, hasifii mtu haraka. Akaniuliza swali moja tu: hao wafugaji wanapata nini? Nikasema wanapata fahari ya kulinda viumbe. Mama akasema, "Ahaa," akaendelea kuchambua maharage. Ile "ahaa" yake huwa siipendi.

Jioni nilitembea mpaka mtoni. Vijana wanaosha bodaboda katikati ya Ruaha Mdogo, mafuta yanaelea, chini ya bango linalosema usioshe vyombo vya moto mtoni. Bango limefaa sana. Wametundika mashati yao.

Jumanne, 8 Julai

Nimerudi. Kutoka Igawa mpaka hapa nchi yote imekauka, rangi ya gunia. Ng'ombe wamebaki mbavu. Vumbi tu, na upepo wa Julai unaopenya hata kwenye sweta. Halafu nikafika nyumbani, nikafungua dirisha la nyuma, na pale palikuwa kijani. Kijani cha aibu, yaani, kama mtu aliyenenepa msibani. Na katikati yake korongo wazazi wawili, na nyuma yao watoto wawili wakubwa, shingo ndefu, taji ndiyo kwanza zinachomoza. Madam na Toroli. Hawaruki. Mmoja alijaribu, akapiga mbawa, akakimbia, akaishia kuanguka kifua mbele. Nilicheka peke yangu.

Saa kumi Mzee Budeba akaja na kibuyu cha maziwa mgando. Ameleta shukrani. Nikasema, shukrani ya nini tena mzee, karibu ndani. Hakuingia.

"Mwalimu, nimefuga miaka yote, sijaona ngitili iliyosimama hivi. Umetulindia majani. Ndama wetu watapona. Jumamosi tunafungua."

Nikauliza tunafungua nini.

Akaniangalia kwa upole, kama ninavyomwangalia mtoto aliyesahau jibu ambalo amelisema jana.

"Ngitili, mwalimu. Majani tumeyasimamisha yasubiri kiangazi. Sasa kiangazi si hiki?"

Kama kawaida. Kumbe hiyo ndiyo kawaida. Inafungwa ili ije iliwe! Kila mtu kwenye kikao kile alijua, mpaka Mbena wa mwisho aliyekuwa akieleweshwa kwa mara ya kwanza. Wote walijua isipokuwa mtaalamu, aliyeona aibu kuuliza lini kwa sababu mwalimu haulizi ili ajue, anauliza ili apime. Mama alilijua akiwa Ipogolo na ungo wa maharage mapajani.

Maziwa ni matamu sana. Nimekunywa yote kwa hasira.

Jumatano, 9 Julai

Nimekwenda kwa Mzee Budeba. Nilijiandaa njiani kama wakili. Nimefika, nikaonyeshwa ndama.

Wako kwenye kizizi kidogo cha pembeni, wale ambao mama zao hawana maziwa. Mmoja hakuinuka nilipokaribia. Sayi alikuwa amepiga magoti anamnywesha maji kwa kikombe cha plastiki, kikombe cha uji cha shule. Hakuniangalia.

Nikasema niliyokuja kusema: mzee, naomba wiki chache tu, vifaranga wataanza kuruka. Fred ameangalia kwenye simu yake, anasema mwezi kasoro.

Akanisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, taratibu, kwamba siyo yake peke yake. Watu wote walinyima ng'ombe wao majani yale tangu mwezi wa tano kwa sababu walikubaliana kwamba mwezi wa saba ndama watakula. Akiwaambia leo wasubiri, mwakani akisema tufunge, nani atafunga? Na huyu, akamwonyesha yule aliyelala, hana mwezi kasoro.

"Wewe ndiye uliyemfundisha binti yangu kwamba viumbe hai wanategemeana. Anatuimbia hapa kila siku. Ng'ombe si kiumbe hai?"

Diploma yangu haikunisaidia. Nikasema ni kiumbe hai.

Amenipa alichoweza: wiki ya kwanza wataingia ndama peke yao, ng'ombe wakubwa wasubiri. Na mbwa wa uchungaji wafungwe nyumbani. Kwa mbwa wake anasema anaweza kuahidi. Kwa mbwa wa wengine, anasema, "Tutaongea nao." Ndama ni wengi lakini, mtaa mzima, na kinamasi chenyewe ni kidogo. Siku mbili tu yale majani yatakuwa kama uwanja wa Mwalimu Fred.

Ijumaa, 11 Julai

Mkuu amefurahi. Hii ni mara ya kwanza kunisemesha tangu toroli. Ameniita ofisini akasema Mungu ana njia zake: kichaka kinafyekwa bila mtoto hata mmoja kubeba fyekeo. Ananiuliza kama ndama wanakula pia ile miiba.

Fred, wa watu, alijitolea kuwakamata vifaranga awaweke kwenye banda lake la kuku. Aliingia na kikapu. Korongo baba alimfukuza mpaka kwenye nyumba ya Mkuu. Amepoteza ndala moja kwenye tope, na hadhi yote iliyokuwa imebaki. Lakini aliingia. Nimeandika hapa ili nikumbuke siku nikimsema vibaya.

Kipindi cha mwisho nilitakiwa kuwaambia watoto. Nikawaambia. Masumbuko akasema basi tuwazuie, tulale mbele ya mlango. Wengine wakashangilia. Nusu ya hao walioshangilia ndama wao wako kwenye msafara wa kesho, nikawakumbusha, wakanyamaza mmoja mmoja.

Wakasema ng'ambo ya kinamasi kuna mfereji wa mashamba ya mpunga, na matete mazito. Ndama hawapendi matete. Vifaranga wakifika kule watajificha. Tatizo ni kufika: katikati ni majani tu, na wenyewe hawatembei ovyo. Wakitishwa wanalala chini, wanaganda palepale. Hapo ndipo watakanyagwa. Wasiposhtuka, wazazi wao watawaongoza taratibu. Yaani wanahitaji muda. Hatuna.

Walipotoka Sayi alibaki. Akafuta ubao, ingawa si zamu yake. Akauliza, akiwa amenipa mgongo, kama nilijua kwamba ngitili hufunguliwa. Nikasema sikujua.

"Ungeniuliza, Madam."

Hakusema kwa ubaya. Akaweka dasta mahali pake, akaniaga kwa adabu, akaenda kumnywesha ndama. Nimeumia kuliko ningetukanwa mbele ya gwaride.

Jumamosi, 12 Julai

Asubuhi. Nimevaa tangu mapema na sijatoka. Dirishani naona mlango wa miiba na lile tawi langu. Ndama wameshafika. Wamezuiwa kwenye uwanja wa mpira, wanaramba mawe ya chokaa. Fred anawafukuza kutoka kwenye bango la "USIKANYAGE MAJANI". Mkuu amekuja na kiti chake. Watu wamesimama kwa heshima kama kwenye harusi ambayo bibi harusi amechelewa.

Sayi amebisha hodi. Katumwa na baba yake.

"Shikamoo Madam. Baba anasema aliyefunga ndiye anafungua. Wanakusubiri wewe."

Sikulifikiria hilo. Tawi la mwisho. Heshima kubwa!

Nilikuwa na kalamu mkononi na daftari hili mezani, kwa hiyo nikasema lililokuja mdomoni: kamwambie Madam anaandika.

Akaenda. Nikawaona wakiongea. Akarudi. Baba anasema sawa, mwalimu akiandika anasubiriwa. Wamekaa chini! Mzee Budeba amekaa, na wengine wote wamekaa, hata Mkuu amekunja nne. Tangu nifike nimelalamika kwamba hapa hawaheshimu maandishi.

Sayi hakutoka tena. Amesimama dirishani, ananiangalia, anaangalia kinamasi. Halafu akasema kwa sauti ya chini kwamba korongo mama ameinuka. Ameshawaona watu. Anatembea.

Upande gani?

"Wa matete."

Na vifaranga?

"Wanamfuata. Polepole. Madam, andika."

Naandika. Leo ni Jumamosi, tarehe kumi na mbili, mwezi wa saba. Hali ya hewa ni jua na upepo kiasi. Nimeamka salama. Chai nimekunywa bila sukari. Kalamu ni ya bluu, ile ile iliyochora simba anayeumwa.

Sayi anasema mmoja amefika katikati, mwingine amesimama anadonoa kitu. Atakuwa Madam huyo. Ndama mmoja amelia, wa pili amemwitikia, sasa wanalia wote. Sayi ameshtuka, sauti ya yule wa kwanza anaijua, ni ndama wake wa kikombe. Amegeuka kuniangalia, ameangalia uwanjani, na sijui anataka niandike au niache. Na yeye hajui.

Nimemuuliza, bado?

"Bado."

Mzee Budeba amesimama. Anapangusa koti. Anatazama huku kwetu.

Mwandiko wangu haujawahi kuwa mzuri hivi. Somo: Viumbe Hai. Darasa la Nne. Viumbe hai wana sifa saba. Ya kwanza ni kujongea. Ya pili ni kupumua. Ya tatu ni kuhisi. Ya nne ni kukua. Ya tano ni kuzaliana. Ya sita ni kutoa takamwili. Imebaki moja, na ndiyo hiyo ndama wanaililia pale nje. Sayi anasema bado kidogo